Jinsi ya Kupima Kama Njia ya Mlimani Inamfaa Mbwa Wako

Wanaoanza kupanda milima pamoja na mbwa wao huuliza maswali yaleyale: njia hii ina kilomita ngapi, mbwa wanaruhusiwa, na je, mbwa wa aina fulani ataiweza? Ni maswali halali, ila lile linalotangulia karibu kila mara, la urefu wa njia, ndilo lenye jibu lisilosaidia sana. Mbwa mwenye afya anaweza kutembea kilomita 15 kwenye njia ya udongo na kufika nyumbani akitaka kucheza, kisha mbwa huyohuyo akakwama kabisa kwenye mita nne za ngazi ya chuma iliyo katikati ya njia ya kilomita sita. Kwa sababu hiyo, hatua zote zilizo hapa chini zinafuata kanuni moja: njia hupimwa kwa kipande chake kibaya kuliko vyote, na kipande hicho hupimwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kazi kubwa ya upimaji hufanyika mezani, siku kadhaa kabla ya safari. Uwe na vitu vifuatavyo:

- Ramani ya topografia inayoonyesha mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja), iwe ya karatasi au ya kwenye simu. Kipimio cha 1:25,000 kinafaa zaidi. Cha 1:50,000 kinatosha kwa kuanzia.
- Maelezo ya njia yasiyopungua mawili, yaliyoandikwa na watu tofauti, na angalau moja liwe la msimu uleule unaotaka kwenda.
- Namba ya simu ya ofisi inayosimamia eneo hilo.
- Taarifa sahihi za mbwa wako: umri, uzito kwa kilo, maradhi aliyowahi kuugua, na safari ndefu kuliko zote aliyoimaliza bila kuchechemea siku ya pili yake.
- Mkanda wa kifuani wenye mshikio imara mgongoni, pamoja na kamba ya kuongozea yenye urefu wa takriban mita 2. Ukosi wa shingoni peke yake haufai milimani, kwa kuwa mbwa akiteleza ukamvuta kwa shingo unaweza kumwumiza vibaya.

Hatua ya 1: Mpime mbwa kabla ya njia

Mifupa ya mbwa mchanga bado inakua, na sehemu laini za ukuaji zilizo karibu na ncha za mifupa hufunga kati ya miezi 12 na 18 kwa mbwa wa miili mikubwa, mapema kidogo kwa wadogo. Kabla ya hapo, miteremko mirefu na kuruka kutoka kwenye mawe ni mambo ya kuepuka hata kama mwenyewe anaonekana ana nguvu za kumwaga. Mbwa mzee naye huficha maumivu ya viungo mpaka yanapomzidi, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya msimu wa safari badala ya kukisia.

Mbwa wenye pua fupi, kama vile Bulldog, Pug na Boxer, ni suala la pekee. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na hawa njia zao za hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Kwao, njia yenye mpando mrefu wa juani haifai, hata ingekuwa na kilomita nne tu.

Mwisho, jiulize swali ambalo wengi hulikwepa: je, unaweza kumbeba? Mbwa wa kilo 8 huingia kwenye begi la mgongoni. Mbwa wa kilo 35 mwenye mguu uliovunjika anahitaji watu wawili na kitu cha kumbebea, na jibu hilo litaamua mengi katika hatua ya 8.

Hatua ya 2: Hakikisha ruhusa ya njia yenyewe

Hapa kosa la kawaida ni kuuliza kama hifadhi inaruhusu mbwa, ukapewa jibu la ndiyo, ukaishia hapo. Ruhusa hutolewa kwa njia, na wakati mwingine kwa kipande cha njia. Hifadhi ya Taifa ya Acadia nchini Marekani ni mfano mzuri: mbwa wanakaribishwa kwenye njia nyingi, mradi wafungwe kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8, lakini njia za vyuma na ngazi kama Precipice na Beehive wamekatazwa kabisa. Kwa upande mwingine, Hifadhi ya Taifa ya Uswisi hairuhusu mbwa hata akiwa amefungwa kamba. Hifadhi zote mbili zinapendwa na wapanda milima, na sheria zao ni mbingu na ardhi.

Ukimya wa tovuti au kibao usiuchukulie kama ruhusa. Piga simu, taja njia kwa jina lake, taja tarehe, kisha uliza pia kuhusu njia za kuunganisha, usafiri wa kukufikisha mwanzoni na kibanda cha kulala ikiwa utalala huko. Baadhi ya maeneo hufungwa kwa mbwa katika majira ambayo ndege wanaotaga ardhini wanalea makinda, na tangazo la namna hiyo mara nyingi huwa halipo kwenye ramani yoyote.

Hatua ya 3: Soma mwinuko, kisha kokotoa saa

Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 1 ni mita 250 ardhini. Ikiwa mistari ya kontua imepishana kwa mita 20 za mwinuko, na njia yako inavuka nafasi tano kati ya mistari ndani ya sentimita hiyo moja, basi inapanda mita 100 katika mita 250, yaani asilimia 40. Huo ni mwinuko mkali. Mbwa wengi wataupanda wakitangulia mbele yako, na hapo ndipo wenye mbwa hudanganyika, kwa kuwa ugumu wake upo kwenye kuushuka. Miguu ya mbele ya mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake hata akiwa amesimama mahali tambarare. Akiteremka, mzigo huo wa mbele huongezeka, na mabega na viwiko ndivyo vinavyolipa. Pendelea njia ambayo sehemu yake kali iko kwenye kupanda na inayorudi kwa mteremko mpole, ikiwa ni njia ya mzunguko.

Kwa upande wa muda, kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892 bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mpando wa mita 900 inatoa karibu saa 4 za kutembea bila mapumziko. Ukiwa na mbwa, ongeza theluthi moja ya kupumzika na kunywa maji. Saa hizo ziweke kwenye siku halisi: ukianza saa 3 asubuhi, sehemu ya juu isiyo na kivuli utaikuta jua la utosi. Anza alfajiri, au chagua njia nyingine.

Hatua ya 4: Tafuta kipande kibaya kuliko vyote

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi. Soma maelezo ya njia ukitafuta maneno machache: ngazi, mnyororo, waya wa kushikilia, kutumia mikono, genge, mawe yanayoporomoka, kuvuka mto. Neno lolote linalomtaka binadamu atumie mikono ni onyo, maana mbwa hana mkono wa kushika.

Daraja za ugumu husaidia, mradi uzisome kwa macho ya mbwa. Klabu ya Alpi ya Uswisi (SAC) hugawa njia za miguu kuanzia T1 hadi T6. Njia za T1 na T2 kwa kawaida zinamfaa mbwa mwenye mazoezi. Katika T3 huanza kutokea sehemu zilizo wazi kwenye hatari ya kuporomoka, pengine zimewekewa kamba au minyororo, na huenda ukahitaji mikono ili kujiweka sawa. Hapo usikubali mpaka ujue kila kipande kilivyo. Kuanzia T4, ambako mikono inahitajika ili kusonga mbele, mwache mbwa nyumbani. Njia za kupanda kwa nyaya za chuma zilizofungwa mwambani hazina mjadala.

Hata hivyo, daraja hizi zilitungwa kwa ajili ya watu, na yapo mambo ambayo mtu hayaoni kuwa kikwazo hata kidogo wala hayaandiki. Baya zaidi ni wavu wa chuma. Madaraja mengi ya milimani na ngazi za karibu na maporomoko ya maji hujengwa kwa wavu huo ili maji na theluji vipite. Mtu mwenye viatu huvuka bila kuangalia chini. Mbwa huweka mguu, vidole hupanuka na kuzama kwenye matundu, ukucha hunasa, naye akishtuka na kuruka nyuma, ukucha unaweza kung'oka mzima. Pia anaona shimo chini ya miguu yake, jambo linalowafanya mbwa wengine wagome moja kwa moja. Zipo pia ngazi za mbao zisizo na vibao vya nyuma, vivuko vya juu ya uzio vilivyojengwa kwa ajili ya binadamu, na maeneo ya mawe makubwa yaliyoachana, ambamo mguu wa mbwa huingia kati ya mawe mawili huku mwili ukiendelea mbele.

Njia bora ya kuvigundua vitu hivyo ni picha. Tafuta picha za watembeaji wa njia hiyo, uzitazame sehemu ya chini, kwenye miguu yao, badala ya mandhari. Angalia kimo cha jiwe linalopandwa ukilinganisha na goti la mtu, kisha mkumbuke mbwa wako anafikia wapi kwenye goti lako. Jiwe moja la kimo cha kiuno unaweza kumnyanyua kwa mshikio wa mkanda. Yakiwa thelathini mfululizo, mtachoka wote wawili kabla ya kilele, na bado kuna kuyashuka.

Kosa linalowakuta wengi ni kuamini ushuhuda wa aina moja: "Mbwa wangu aliiweza bila tatizo." Uliza ni mbwa wa kimo gani, ana umri gani, alinyanyuliwa mara ngapi, na njia ilikuwa kavu au imelowa. Mwenye mbwa anayependa milima husahau haraka mara alizombeba.

Hatua ya 5: Angalia kinachokanyagwa

Udongo, majani makavu na nyasi fupi ni rafiki kwa nyayo. Mawe ya volkano yenye matundu, chokaa yenye kingo kali na changarawe zinazoteleza hukwangua ngozi ya nyayo polepole, na mwanzoni mbwa haonyeshi chochote. Ikiwa zaidi ya theluthi ya njia ni ya namna hiyo, viatu vya mbwa vinahitajika, naye azoeshwe kuvivaa wiki kadhaa kabla. Kumvalisha kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa njia ni kujitafutia kazi.

Mwamba wa juani nao huunguza. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya jiwe. Usipoweza kuvumilia kwa sekunde saba, mbwa naye asitembee hapo. Usidanganywe na ubaridi wa hewa ya juu: joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, lakini jiwe jeusi linalopigwa na jua halifuati hesabu hiyo.

Hatua ya 6: Hesabu maji na kivuli

Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban lita 1 ya maji kwa siku akiwa nyumbani, na akipanda mlima juani hitaji hilo huweza kuzidi maradufu. Kijito kilichochorwa kwenye ramani huenda kikawa kimekauka, hasa kikionyeshwa kwa mstari uliokatika, kwa hiyo maji ya ramani usiyahesabu mpaka mtu aliyepita hapo karibuni ayathibitishe. Madimbwi yaliyotuama yenye utando wa kijani au wa buluu yaepukwe kabisa, maana huweza kuwa na bakteria wenye sumu inayoua mbwa kwa muda mfupi. Kivuli utakiona kwenye picha za setilaiti: tafuta mahali msitu unapoishia, kisha pima umbali uliobaki mpaka juu.

Hatua ya 7: Jua mtakutana na nani

Ng'ombe wenye ndama humwona mbwa kama mnyama mwindaji, nao huweza kushambulia hata palipokuwa na utulivu. Njia inayokatiza malisho wakati wa kuzaa ihesabiwe kuwa hatari, na ikiwezekana itafutiwe mchepuko. Mbwa wanaolinda makundi ya kondoo ni hatari ya aina nyingine, kwa kuwa wamefunzwa kumfukuza mbwa yeyote mgeni. Mkifika penye kundi lao, tembea taratibu, mweke mbwa karibu nawe na mzunguke mbali. Uliza pia kuhusu nyoka, kupe, na wanyama wakubwa wa porini. Mbwa asiyerudi anapoitwa mara moja afungwe kamba muda wote. Ikiwa mahali fulani kamba inaweza kuwaangusha wote wawili gengeni, basi hiyo si njia yenu.

Hatua ya 8: Weka alama mahali pa kutokea

Kwenye ramani, weka alama kila sehemu ambapo unaweza kuiacha njia na kufika barabarani. Kisha tafuta mahali palipo mbali zaidi na alama hizo, ujiulize utamtoaje mbwa hapo akishindwa kutembea. Kwa mbwa mwepesi, jibu ni begi. Kwa mbwa mzito, usiende peke yako, na chukua kitambaa imara cha kumbebea. Jaribu kumbeba nyumbani kwa dakika 20 mfululizo, ukipanda na kushuka ngazi. Jaribio hilo hufuta njia nyingi kwenye orodha kuliko ramani yoyote.

Hatua ya 9: Fanya jaribio dogo, kisha panga mahali pa kugeuka

Chagua njia ya karibu yenye sura ileile, iwe nusu ya urefu na nusu ya mpando. Siku ya pili mtazame mbwa anavyoinuka alipolala, na mkague nyayo zake kidole kwa kidole. Akiwa mzima, endelea na mpango wako, lakini andika kabla ya kuondoka mahali na saa ya kugeuka: kwa mfano, tusipofika kwenye daraja saa 4 asubuhi, tunarudi. Uamuzi ulioandikwa mezani hauyumbishwi na kilele kinachoonekana karibu.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Maelezo ya njia yanapingana.* Chukua yaliyo mabaya zaidi, au yale ya karibuni zaidi ikiwa dhoruba au maporomoko ya ardhi yamepita hapo katikati. Kama ofisi husika nayo haina uhakika, tembea njia hiyo kwanza bila mbwa.

*Mbwa amegoma kwenye daraja au jiwe.* Usimvute. Mrudishe nyuma hatua kadhaa, mwache atulie, kisha mpitishe ukiwa karibu naye, au mnyanyue ikiwa ni mahali pafupi na salama. Akigoma mara ya pili, geuka. Kumlazimisha kupita mahali ambapo atatakiwa apite tena wakati wa kurudi ni kujifungia upande wa pili.

*Alipanda vizuri, sasa hawezi kushuka.* Usimwachie aruke. Shuka kwanza, simama imara chini yake na umpokee, huku mwenzako akiushikilia mshikio wa mkanda kutoka juu. Ukiwa peke yako na mahali penyewe ni pa genge, kaeni palipo salama na uite msaada mapema, wakati bado kuna mwanga na chaji kwenye simu.

*Anahema kupita kiasi.* Ulimi uliopanuka na kuning'inia, mate mazito, fizi nyekundu sana na miguu inayoyumba ni dalili za joto kuzidi mwilini. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likifika 41, maisha yake yamo hatarini. Mweke kivulini, mloweshe mwili mzima kwa maji uliyo nayo, mpepee, na mpe maji ya kunywa kidogokidogo ikiwa ana fahamu. Anza kumpoza hapohapo kabla ya kumsafirisha, kisha mpeleke kwa daktari hata akionekana amepona, kwa kuwa madhara ya ndani huweza kujitokeza baadaye.

*Unyayo umechanika.* Usafishe kwa maji safi, ufunge kwa bandeji bila kukaza mno, uvishe kiatu au soksi nene, kisha rudini kwa njia fupi. Usimpe dawa zako za maumivu: ibuprofen, kwa mfano, ni sumu kwa mbwa.

*Ng'ombe wanawajia mbio.* Achilia kamba. Mbwa ana mbio kuliko ng'ombe, na anayewindwa ni yeye. Ukiendelea kumshikilia, mtakanyagwa wote wawili. Ondoka upande mwingine kuelekea uzio au miti bila kuwaondolea macho wala kuwapa mgongo, na umwite mbwa ukishakuwa nje ya malisho.